Msimbo wa kuazima wawatia hasara wenye maduka ya mtandaoni

Mwezi Novemba 2020 Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza, inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi nchini humo, iliitoza kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster UK faini ya pauni 1,250,000. Wezi walikuwa wamechota majina na namba za kadi za benki za wateja wake. Lakini wezi hao hawakuvunja mlango wa Ticketmaster. Waliingia kwa kampuni nyingine, iliyoipatia Ticketmaster programu ndogo ya kujibu maswali ya wateja, wakaichezea programu hiyo, nayo ikawafikisha hadi kwenye ukurasa ambao mteja huandika namba ya kadi yake ili alipe.

Ticketmaster ilieleza kuwa kasoro ilikuwa katika bidhaa ya muuzaji wake. Mdhibiti hakukubaliana nayo. Aliyeamua programu hiyo iwekwe kwenye ukurasa wa malipo alikuwa mwenye duka, na mwenye duka ndiye aliyeandikiwa faini.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei za mazao na viwango vya kubadilishia fedha. Wiki hii tunaeleza bidhaa ambayo haionekani kwenye orodha yoyote ya bei, ingawa karibu kila duka la mtandaoni huipokea kila siku: msimbo wa kuazima. Wengi huupata bure. Hesabu zilizotangazwa tangu 2018 zinaonyesha kwamba kwa baadhi ya wafanyabiashara bure hiyo imekuwa ghali mno.

BIDHAA INAVYOPOKELEWA

Msimbo ni maandishi ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Mteja anapofungua tovuti ya duka, kivinjari chake, yaani programu ya kusomea tovuti kama Chrome au Firefox, huletewa ukurasa kutoka kwenye seva ya mwenye duka. Ndani ya ukurasa huo mna maandishi, picha na bei. Mna pia maagizo mafupi yanayokiambia kivinjari: nenda kwa kampuni fulani, chukua msimbo wake, uuendeshe hapa.

Kivinjari hutii. Huenda kwenye seva ya kampuni ya pili kuchukua msimbo wa kuhesabu wageni, kwa kampuni ya tatu kuchukua wa matangazo, na kwa ya nne kuchukua wa kujibu maswali ya wateja. Yote hayo hutokea katika muda mfupi mno, na mteja haoni ila ukurasa mmoja wenye jina moja, la mwenye duka.

Hapa kuna mambo mawili ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyaelewa, hata kama hajawahi kuandika msimbo maishani mwake.

La kwanza ni kwamba msimbo uliotoka nje ukishaingia kwenye ukurasa hupewa mamlaka sawa na msimbo wa mwenye duka. Unaweza kusoma kila kinachoandikwa kwenye ukurasa huo, kubadilisha kinachoonekana, na kutuma habari kwingine. Ni sawa na muuza vocha aliyeruhusiwa kuweka meza kibarazani, kumbe funguo alizopewa zinafungua hadi droo ya fedha.

La pili ni kwamba bidhaa hiyo huletwa upya kila mara. Fundi wa duka aliukagua msimbo siku alipouweka, akaridhika. Lakini alichoweka ni anwani ya mahali pa kuuchukulia, na msimbo wenyewe ukabaki kwa mwenyewe. Mwenye seva ya mbali akiubadilisha usiku wa manane, kuanzia dakika ile wateja wote wa duka wataletewa msimbo mpya, na mwenye duka hatapata taarifa yoyote.

Wafanyabiashara wetu wanaifahamu mali kauli. Mwenye mali humpa muuzaji bidhaa kwa kuaminiana, na fedha hulipwa mali ikishauzwa. Katika mali kauli anayebeba hatari kubwa ni mwenye mali. Msimbo wa kuazima nao ni biashara ya kuaminiana, ila mzigo wa hatari umegeuzwa: mwenye mali hakuweka kitu rehani, na aliyeweka rehani jina lake na wateja wake ni mwenye duka.

ALAMA YA KUFULI HAISAIDII

Wengi huamini kwamba tovuti ikiwa na alama ya kufuli karibu na anwani yake basi iko salama. Alama hiyo ina maana moja tu: habari zinazosafiri kati ya mteja na seva zimefungwa, mtu wa njiani hawezi kuzisoma. Kwa maneno mengine, barabara inalindwa. Kilichomo ndani ya mzigo hakikaguliwi. Msimbo ulioharibiwa ukitoka kwenye seva yenye kufuli halali, hufika ukiwa umefungwa vizuri kabisa.

Wezi wenyewe wamelitumia jambo hilo. Mwaka 2018 walioiibia kampuni ya ndege ya British Airways walituma namba za kadi za abiria kwenye anwani waliyoipa jina la baways.com, linalofanana na la kampuni, na wakaikatia cheti cha kufuli. Kwa mtu aliyetazama juu juu hakukuwa na cha kutiliwa shaka.

KISA CHA TICKETMASTER KWA UNDANI

Programu ya kujibu maswali ilitengenezwa na kampuni ya Inbenta. Msimbo wake ulikaa kwenye seva ya Inbenta, na Ticketmaster iliuita kutoka huko kwenye kurasa zake, ukurasa wa malipo ukiwemo. Wezi waliuharibu huko huko ulikokaa. Kuanzia Februari 2018 kila mteja aliyefungua ukurasa wa malipo alikuwa akiletewa, pamoja na programu ya maswali, maagizo ya siri ya kunakili jina, namba ya kadi, tarehe ya mwisho wa kadi na tarakimu tatu za nyuma.

Dalili zilianza kuonekana benki. Wateja wa benki ya Monzo waliripoti miamala ambayo hawakuifanya, na Monzo ikaitahadharisha Ticketmaster. Benki ya Commonwealth ya Australia, Barclaycard, Mastercard na American Express nao walitoa taarifa za kuashiria wizi. Kwa mujibu wa mdhibiti, zilipita wiki 9 tangu Ticketmaster ilipotahadharishwa hadi ilipoanza kuchunguza mawasiliano yanayopita kwenye ukurasa wake wa malipo. Programu hiyo iliondolewa kabisa kwenye tovuti ya kampuni tarehe 23 Juni 2018.

Wateja ambao huenda waliguswa ni milioni 9.4 katika Ulaya, kati yao milioni 1.5 wakiwa Uingereza. Kadi 60,000 za wateja wa benki ya Barclays zilithibitika kutumika katika wizi, na Monzo ikalazimika kubadilisha kadi nyingine 6,000 baada ya kuzitilia shaka. Faini yenyewe ilihusu kipindi cha kuanzia tarehe 25 Mei 2018 tu, sheria mpya ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa ilipoanza kutumika. Ticketmaster ilitangaza kuwa itakata rufaa.

Msomaji wa biashara atazame hasa hoja ya Inbenta. Kampuni hiyo ilisema kwamba msimbo ulioharibiwa ulitengenezwa maalumu kwa mahitaji ya Ticketmaster, na kwamba haikuarifiwa kuwa ungewekwa kwenye ukurasa wa malipo. Kama ingejua, ingeshauri usiwekwe hapo. Yaani muuzaji hakujua bidhaa yake imepangwa kwenye rafu gani, na mnunuzi hakumuuliza muuzaji kama bidhaa hiyo inafaa kwa rafu hiyo. Katika biashara ya dawa au ya chakula mazungumzo hayo yangekuwa sehemu ya mkataba. Katika biashara ya msimbo hayakufanyika.

Mdhibiti alitaja makosa matatu: kampuni haikupima hatari ya kuweka programu hiyo kwenye ukurasa wa malipo, haikuweka kinga zinazofaa, na ilichelewa kutambua chanzo cha wizi baada ya kuambiwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada ya kompyuta. Yote matatu ni kazi ya meneja.

DUKA LINAPOUZWA NA KIBAO CHAKE

Kisa cha pili ni tofauti, na kwa wachambuzi wa biashara huenda ndicho kinachotisha zaidi, kwa sababu hakuna mlango uliovunjwa. Msambazaji aliuzwa.

Kwa miaka mingi waandishi wa tovuti walitumia huduma ya bure iitwayo Polyfill, iliyokuwa kwenye anwani ya polyfill.io. Kazi yake ilikuwa kuvisaidia vivinjari vya zamani kufanya mambo ambayo vivinjari vipya huyafanya vyenyewe. Mwenye tovuti aliweka mstari mmoja wa kuuita msimbo huo, akasahau.

Februari 2024 anwani hiyo ilichukuliwa na kampuni iitwayo Funnull. Andrew Betts, aliyeanzisha mradi wa Polyfill, alitoa onyo mwezi huo huo kwamba wenye tovuti waiondoe huduma hiyo, akieleza kuwa tovuti za leo haziihitaji tena. Kampuni za Cloudflare na Fastly zikaweka nakala salama kwa wale ambao bado walitaka kuitumia. Wengi hawakusikia, au walisikia wakaahirisha.

Tarehe 25 Juni 2024 kampuni ya usalama ya Sansec ilitangaza kwamba msimbo wa polyfill.io umeanza kuwapeleka baadhi ya wageni kwenye tovuti za kamari ya michezo. Kwa hesabu ya Sansec, tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zikiuita msimbo huo. Google ilianza kuyazuia matangazo ya tovuti zilizokuwa zikiutumia, na siku chache baadaye kampuni iliyosajili anwani hiyo ikaifunga.

Namna wizi huo ulivyopangwa inastahili kuelezwa. Msimbo mbaya haukumtokea kila mtu. Uliwalenga watumiaji wa baadhi ya simu, tena kwa saa maalumu. Ulipogundua kwamba anayetazama ni msimamizi wa tovuti, ulinyamaza. Mwenye duka aliyefungua tovuti yake mwenyewe ofisini ili aikague aliikuta safi, huku mteja wake aliye na simu akitupwa kwenye kamari.

Tarehe 29 Mei 2025 Wizara ya Fedha ya Marekani iliiwekea Funnull vikwazo kwa kuhudumia mitandao ya utapeli wa uwekezaji wa fedha za kidijitali, iliyowatia Wamarekani hasara ya zaidi ya dola milioni 200. Katika tangazo hilo wizara ilitaja pia ununuzi wa hazina ya msimbo mwaka 2024 na matumizi yake katika kuwaelekeza wageni wa tovuti halali kwenye tovuti za utapeli na kamari.

Kila mfanyabiashara anajua kwamba duka linaweza kubadili mwenyewe bila kubadili kibao. Ndiyo maana anayekopesha au anayeagiza mzigo mkubwa huuliza kwanza nani ni mwenye mali sasa. Waliouita msimbo wa polyfill.io waliendelea kuamini kibao.

HATA MDHIBITI ALIPATIKANA

Asidhani mtu kwamba hili ni tatizo la wazembe peke yao. Jumapili tarehe 11 Februari 2018 tovuti zaidi ya 4,000 ziligunduliwa zikitumia kompyuta za wageni wao kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero bila ruhusa. Zilikuwamo tovuti za mahakama za Marekani na za huduma ya afya ya Uingereza. Ilikuwamo pia tovuti ya Ofisi ya Kamishna wa Habari, mdhibiti yule yule ambaye baadaye angeipiga faini Ticketmaster.

Zote zilikuwa zimeuita msimbo mmoja, Browsealoud, wa kuwasomea kurasa kwa sauti watu wenye matatizo ya kuona au kusoma. Kampuni iliyoutengeneza, Texthelp, ilikuwa imeingiliwa na msimbo wake ukaongezewa maagizo. Texthelp iliisimamisha huduma hiyo siku hiyo hiyo. Mtaalamu wa usalama Scott Helme, aliyetangaza tukio hilo, alieleza kwamba hatua moja ndogo ya kiufundi, ambayo tutaieleza hapa chini, ingeweza kulizuia.

Kwa bahati wachimbaji hao walitaka umeme na nguvu za kompyuta tu. Waliokuwa na uwezo wa kuchimba sarafu walikuwa pia na uwezo wa kusoma fomu zilizojazwa kwenye kurasa zile.

DOLA BILIONI 1.5 KWA SIKU MOJA

Hasara kubwa kuliko zote ilitokea tarehe 21 Februari 2025. Soko la fedha za kidijitali la Bybit, lenye makao Dubai, lilipoteza fedha zenye thamani ya takriban dola bilioni 1.5. Siku chache baadaye shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilisema wizi huo ulifanywa na Korea Kaskazini.

Bybit iliidhinisha uhamishaji wa fedha zake kupitia ukurasa wa kampuni nyingine, Safe. Wezi walipenya kwenye kompyuta ya mmoja wa mafundi wa Safe na kubadilisha msimbo wa ukurasa huo kwenye hifadhi yake. Msimbo mpya uliwekwa kwa ajili ya Bybit. Wateja wengine hawakuona tofauti. Maofisa wa Bybit walipofungua ukurasa kuidhinisha uhamisho wa kawaida, skrini iliwaonyesha maelezo waliyoyatarajia, lakini walichokitia saini kilikuwa kitu kingine. Dakika chache baada ya fedha kutoka, msimbo safi ulirudishwa mahali pake.

Hapa hapakuwa na mtu aliyesahau kutia saini wala aliyetia saini peke yake. Taratibu za mhasibu zilifuatwa. Kilichoharibika ni karatasi yenyewe iliyowekwa mbele yao.

HESABU KWA UFUPI

Februari 2018, Browsealoud: tovuti zaidi ya 4,000 zaingiliwa kwa siku moja.

Februari hadi Juni 2018, Ticketmaster: wateja hadi milioni 9.4, faini ya pauni 1,250,000 (Novemba 2020).

Agosti na Septemba 2018, British Airways: abiria zaidi ya 400,000, faini ya pauni milioni 20 (Oktoba 2020), baada ya mdhibiti kutangaza mwaka 2019 nia ya kutoza pauni milioni 183.

Juni 2024, Polyfill: tovuti zaidi ya 100,000.

Februari 2025, Bybit: takriban dola bilioni 1.5.

KINGA NA GHARAMA ZAKE

Kinga zipo, na nyingi hazidai fedha bali muda wa fundi na uamuzi wa meneja. Lakini kila moja ina mpaka wake, na anayeuziwa kinga bila kuelezwa mpaka wake ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ya kwanza ni alama ya dole. Msimbo wowote unaweza kupigiwa hesabu inayotoa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, ambao ni wake peke yake. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya msimbo, mfuatano unakuwa mwingine kabisa. Fundi huiandika alama hiyo pembeni ya anwani ya msimbo, na kivinjari hukataa kuuendesha msimbo ambao alama yake hailingani. Shirika linaloweka viwango vya tovuti, W3C, liliupitisha utaratibu huu rasmi Juni 2016, na ndio ambao Helme alisema ungezuia yale ya Browsealoud. Mpaka wake ni huu: haufai kwa msimbo unaobadilika badilika kihalali. Huduma ya Polyfill, kwa mfano, ilitoa msimbo tofauti kwa kila aina ya kivinjari, kwa hiyo alama moja isingeweza kuukubali wote.

Ya pili ni orodha ya mlangoni. Mwenye tovuti huviambia vivinjari: pokeeni msimbo kutoka anwani hizi tu, na pelekeni habari kwenye anwani hizi tu. Ikiandikwa kwa ukali, orodha hii inaweza kumzuia mwizi asitume namba za kadi kwenye anwani yake. Mpaka wake: anayeruhusiwa akigeuka kuwa mwizi, orodha humpitisha. Polyfill ilikuwa mgeni mwenye kadi ya mwaliko.

Ya tatu ni kuuleta msimbo nyumbani. Badala ya kuuita kutoka kwa mwingine kila siku, fundi huchukua toleo moja lililokaguliwa, huliweka kwenye seva ya duka, na halibadilishi mpaka alikague jipya. Wanaopenda kupokea toleo jipya moja kwa moja wakumbuke yaliyoikuta Ledger, kampuni ya Ufaransa ya vifaa vya kuhifadhi fedha za kidijitali. Desemba 2023 mfanyakazi wake wa zamani alilaghaiwa akatoa njia ya kuingilia mahali pa kuchapishia msimbo, wezi wakachapisha toleo lao, na tovuti zilizokuwa zikivuta toleo la karibuni zikalipokea bila kuuliza. Takriban dola 600,000 ziliibwa kwa saa chache. Mpaka wa kinga hii ni kwamba seva ya nyumbani nayo hutaka ulinzi. British Airways iliibiwa kwa mistari 22 iliyoongezwa kwenye msimbo uliokuwa kwenye tovuti yake yenyewe, na aliyeigundua alikuwa mtu wa nje.

Ya nne, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo yenye faida kubwa kuliko gharama yake, ni kutoweka msimbo wa nje kwenye ukurasa wa malipo kabisa. Matangazo, programu za maswali na vihesabio vya wageni vibaki kwenye kurasa za bidhaa. Fomu ya kadi ikae ndani ya dirisha maalumu la kampuni ya malipo, ambalo kivinjari hulitenga ili msimbo wa ukurasa wa nje usiweze kusoma kinachoandikwa ndani yake. Mteja haji kwenye ukurasa wa malipo kutazama matangazo, amekuja kulipa.

Kampuni za kadi zenyewe zimeshaliona hilo. Kanuni zao za usalama, zinazojulikana kama PCI DSS, katika toleo la 4 zinawataka wapokeaji wa kadi wawe na orodha ya kila msimbo unaoendeshwa kwenye ukurasa wa malipo, pamoja na sababu ya maandishi ya kuwapo kwake, na wawe na njia ya kugundua ukurasa huo unapobadilishwa. Masharti hayo yalianza kuwa ya lazima tarehe 31 Machi 2025.

INATUHUSU VIPI

Msimbo hauna mpaka wa forodha. Hoteli ya Zanzibar inayopokea malipo ya watalii kwa kadi na duka la Nairobi linalouza nguo mtandaoni hutumia misimbo ile ile ya bure inayotumiwa London, mara nyingi ikiwa imewekwa na fundi aliyelipwa mara moja akaondoka. Mwenye biashara akiulizwa ni kampuni ngapi za nje zinazoingiza msimbo kwenye tovuti yake, wengi hawana jibu.

Sheria nazo zimebadilika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inaruhusu faini ya hadi shilingi za Kenya milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka ya kampuni, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Sheria zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za wateja azilinde. Jibu la kwamba "kosa ni la fundi" au "kosa ni la kampuni ya nje" lilishajaribiwa Uingereza, na matokeo yake tumeyaeleza.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ankara inayofuata ya fundi wa tovuti, mwenye biashara amuulize maswali haya matano na adai majibu kwa maandishi:

1. Ni misimbo mingapi inayoletwa kutoka nje kwenye tovuti yetu, na kila mmoja unatoka kwa nani?

2. Ni mingapi kati yake inayoendeshwa kwenye ukurasa wa malipo, na kwa sababu gani?

3. Kila mmoja una kazi gani leo, na tukiuondoa tutapoteza nini?

4. Mwenye msimbo akiubadilisha usiku huu, tutajuaje, na baada ya muda gani?

5. Benki ikitupigia simu kutilia shaka kadi zilizotumika kwetu, nani anapokea simu hiyo, na anafanya nini saa ile ile?

Swali la tano lisidharauliwe. Ticketmaster haikukosa taarifa. Ilizipata kutoka kwa benki na kampuni za kadi kadhaa. Ilichokosa ni mtu wa kuutazama ukurasa wa malipo mapema. Wiki 9 ni muda mrefu kwa duka lolote kuendelea kuuza huku droo yake ikiwa wazi.

Fundi akishindwa kujibu swali la kwanza, hiyo ndiyo kazi ya kumpa kwanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Stoo ya duka lako ina daftari la kila katoni inayoingia. Ukurasa unaopokelea fedha nao uwe na lake.